Jiwe la Kusagia la Mama

Nilipoalikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule niliyosomea, nilikosa usingizi kwa jambo dogo: niende na picha za milima ya ng'ambo, au nibebe jiwe la kusagia la mama? Nimesomea miamba hadi shahada, kazi sijapata, na bado jiwe hilo lilinitia haya.

Lilinuka bizari na kitunguu thaumu. Tulikaa chumba cha kupanga Mji wa Kale, nyuma ya Ngome ya Yesu, na kila alasiri, joto la kabla ya masika likiwa limetuelemea, mama alilisuuza uani akaanza kusaga. Kuta za pale ni za matumbawe, meupe, yenye vitundu. Jiwe la mama lilitoka kwao Taita: jeusi, lenye mistari myeupe iliyojipinda na kurudi kama kanga iliyokunjwa ovyo. Fatuma, binti wa jirani, hakuacha kunichokoza. "Mghoi, jiwe lenu lina makunyanzi kama goti la bibi!" Mama alimjibu bila kuinua kichwa, "Cheka, mwanangu. Mchuzi ukiiva usije na bakuli." Fatuma alikuja, na bakuli.

Mwaka mmoja, nikiwa darasa la sita, mwalimu alituagiza kila mmoja alete jiwe la kwao. Mama alilifunga kwa leso, akanitwika. Wenzangu walipolinusa walishika pua. Nilijikaza nikasema mistari ile ilikunjwa. "Ilikunjwa na nani? Jiwe si chapati," mwalimu alisema, darasa likaangua kicheko. "Hizo ni rangi tu. Keti." Niliketi, masikio yakiwaka moto. Tangu siku hiyo, mama akisaga, nilikuwa nikifunga mlango wa uani ili wapita njia wasione kwamba sisi ni watu wa kuja.

Chuoni ndipo nilipojua. Zamani sana, vipande viwili vya ganda la dunia vilisukumana pale ilipo Taita leo. Miamba ya juu, iliyo baridi, ilivunjika. Ile ya chini kabisa, licha ya joto na uzito wa milima iliyoilalia, haikuyeyuka. Ilibaki yabisi, na bado ikatiririka, taratibu mno, kama halwa iliyopoa nusu inavyosogea ukiinamisha sahani. Matabaka yake yakajikunja; lililo gumu likakatika vipande, lile laini likajaza nafasi zilizobaki. Hayo yote yalikuwa wazi kwenye jiwe ambalo mama alisagia pilipili. Nilifurahi siku moja tu. Halafu nikakumbuka ule mlango, na aibu ikanishika upya, safari hii si ya jiwe. Mwacha asili ni mtumwa, na mimi niliiacha kwa sababu ya kicheko cha darasa.

Basi nikawaza na kuwazua. Mwalimu yule bado yupo; nikilipeleka, ataona nimekuja kulipiza? Nikiliacha, nitakuwa nimeficha jiwe, au mama? Asubuhi nilimwomba. "Chukua," alisema, "lakini lirudi kabla ya magharibi. Nina wageni."

Nililibeba mchana kweupe, nikapita nalo mtaa wa Makadara. Mwalimu alikuwa ameketi nyuma ya darasa, mvi zimemjaa. Utotoni ningeinamisha macho sakafuni. Sasa nilimwamkia, nikaliweka jiwe juu ya meza. Kabla sijagusia habari za milima, nikawaambia watoto: "Hili ni jiwe la mama yangu. Kwao ni Taita, na kwetu pia."