Ribiti Mbili Chini ya Gari la Kijani

Gari lenyewe ni dogo, linaenea kwenye kiganja na kubakisha nafasi ya kidole. Ni la kijani, mfano wa yale magari ya shamba yenye turubai nyuma, na rangi imebanduka kwenye pembe hadi chuma cheupe kinaonekana. Nilikaa nalo zaidi ya miaka sitini. Halikuwa langu.

Baba yetu alikuwa mpishi wa mzungu mmoja aliyesimamia mambo ya kilimo huko Embu. Mzungu huyo alipofunga mizigo kurudi kwao, mkewe alimpa baba vitu ambavyo havikuingia kwenye masanduku: sufuria mbili, blanketi, na magari mawili ya chuma ya watoto wake. Yalikuwa ya kijani yote mawili, na kwa macho yetu yalikuwa sawa kabisa. Mimi nilipewa moja na ndugu yangu akapewa la pili. Nilikuwa na miaka kumi, yeye minane.

Langu halikukaa hata mwezi. Nililisahau kwenye mfereji wa maji ya kuoshea kahawa, mvua ikanyesha usiku, na asubuhi mfereji ulikuwa umebeba kila kitu. Nililitafuta hadi chini kabisa mtoni. Niliporudi nyumbani nilichukua la ndugu yangu chini ya kitanda, nikasema lililopotea ni lake.

Alilia, kisha akanyamaza na kuanza kujitetea kama mtu mzima. "Langu lina vifundo viwili vya chuma chini ya tumbo," alimwambia baba. "Lake lilikuwa na kimoja. Niliyageuza nikaangalia."

Baba akaligeuza. Vifundo vilikuwa viwili kweli. Lakini la pili halikuwapo la kulinganisha, na baba akacheka. "Yametoka kiwanda kimoja, nyumba moja, siku moja. Yatatofautianaje?" Kisha akanigeukia mimi. "Baba, hili ni la nani?"

Aliniita baba kwa sababu kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba. Mimi nilikuwa na jina la baba yake, basi kwa heshima nilikuwa baba yake. Hakuwahi kunichapa. Mama naye aliniona kama baba mkwe, akikasirika aliishia kusonya na kugeukia jiko. Mtoto wa pili, aliyepewa jina la babu mzaa mama, alikufa akinyonya. Ndugu yangu alikuwa wa tatu, na alipewa jina la kaka mdogo wa baba, ambaye baba alikuwa amemchapa tangu utotoni.

"Ni langu," nikasema.

Baba angewezaje kumwambia baba yake kwamba anadanganya? Ndugu yangu alichapwa kwa kupoteza gari, kisha akachapwa tena kwa kusema uongo. Tangu siku hiyo, kuku akipotea, yeye ndiye aliyeulizwa kwanza. Sukari ikipungua kwenye mkebe, yeye. Akikana, baba alimuuliza ana vifundo vingapi chini ya tumbo, na watu wa nyumbani wakacheka. Hata alipokuwa mwanamume mwenye watoto, neno lake pale nyumbani lilisubiri langu lilithibitishe. Mimi nilicheka pamoja na wengine.

Nilisoma hadi kidato cha nne, nikaajiriwa Meru kuuza spea za magari, na nikakaa huko. Nina nyumba ndogo upande wa Kinoru. Mke wangu alipofariki nilianza kukusanya magari ya kuchezea ya zamani, yale ya chuma kizito. Watu huniuliza mzee anafanya nini na vitu vya watoto. Nawajibu kwamba nilizoea spea, na mikono haipendi kukaa bure.

Mwenye macho ya haraka huona gari moja mara kumi. Mkusanyaji huona magari kumi. Chuma huyeyushwa na kumiminwa ndani ya kalibu, na kalibu huchakaa, hurekebishwa, au hutengenezwa nyingine kando ya ile ya kwanza. Kwa hiyo gari lenye jina moja, rangi moja na namba moja huweza kuwa na ndoano ya nyuma iliyofungwa au iliyo wazi, kidato cha kukanyagia chini ya mlango au pasipo kidato, mbavu nyembamba au nene kwenye bamba la chini. Rangi haitegemewi, maana mtu yeyote anaweza kupaka rangi. Namba ya chini nayo hudanganya, kwa sababu ni ya aina ya gari, si ya mwaka wake. Mimi huanza na tumbo. Naweka lenzi jichoni na kuhesabu ribiti, ile misumari minene inayoshika bamba la chini.

Nilijifunza hayo yote huku gari la kijani likiwa juu ya rafu, mahali pa heshima. Magari mengine yote niliyageuza. Hilo sikuligeuza.

Mwezi wa tatu mwaka huu nilikuwa soko la Nkubu kwa mama mmoja anayeuza takataka za mitumba: vijiko, vikombe, wanasesere wasio na vichwa. Ndani ya gunia lake nikaona kijani. Lilikuwa aina ile ile, na turubai lile lile. Nililigeuza nikiwa bado nimesimama juani. Lilikuwa na ribiti moja, katikati.

"Mzee, umeona nyoka?" yule mama akaniuliza.

Nilifika nyumbani nikayaweka yote mawili chali juu ya gazeti. Moja na mbili. Mtoto wa miaka minane aliona kwa macho matupu kitu ambacho mimi nimekitafutia lenzi.

Ningeweza kupanda gari kesho yake. Kutoka Meru hadi Embu si safari ya kulala njiani. Badala yake nilipiga picha na kuzituma kwenye kundi la wakusanyaji la simu, nikauliza kama ribiti moja na mbili ziliuzwa wakati mmoja au zilipishana miaka mingi. Nilijiambia lazima nihakikishe. Mmoja akajibu kwamba atauliza, mwingine akataka picha zenye mwanga zaidi. Mwezi wa nne binti wa ndugu yangu alinipigia simu akasema kisukari kimeingia machoni mwa baba yake, na daktari hana matumaini makubwa. "Njoo umwone, baba mkubwa, angali anaona kidogo." Nilimwambia nakuja. Mwezi wa sita akapiga tena, na safari hii hakutaja kuona. Jibu la kundi lilikuja mwezi wa saba: kalibu zote mbili zilitumika pamoja, na duka moja liliweza kuwa na magari ya aina zote mbili. Nikaenda Embu mwezi wa nane.

Nilimkuta ameketi barazani mbele ya meza. Mkewe alinipokea mfuko. "Shemeji, umekonda! Meru hawali siku hizi?"

"Wanakula. Mimi ndiye najipikia."

Ndugu yangu aligeuza uso upande wa sauti yangu. "Mzee wa ukoo," akasema. Ameniita hivyo tangu utotoni. "Umengoja nisikuone ndipo uje?"

Nilitoa magari nikamwekea moja kila mkono. Hakuuliza ni nini. Aliyageuza, akapitisha kidole gumba tumboni mwa la kushoto, kisha la kulia, na akaliinua la kulia.

"Hili."

Nikaanza hotuba niliyoipanga njia nzima. Nilimweleza kalibu, namna zinavyochakaa, namna mbili zinavyoweza kufanya kazi pamoja. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo watu wa simu wamekuambia mimi sikudanganya."

"Ndiyo."

"Lini?"

"Mwezi wa saba. Lakini nililiona mwenyewe mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tatu nilikuwa nachuma kahawa na kuchagua mbivu kwa macho yangu."

"Nilitaka kuhakikisha."

"Mimi nilihakikisha nikiwa na miaka minane."

Mkewe alikuwa ameweka thamosi ya chai mezani, akasimama mlangoni. Hapo ningeweza kunyamaza, kalibu zibaki ndizo zilizotukosanisha. Nikasema, "Si lenzi iliyonionyesha. Langu lilikuwa linavuta kushoto, unakumbuka? Siku ile nilipolisukuma hili chini ya kitanda lilikwenda moja kwa moja. Nilijua ni lako kabla hujasema neno."

Akapitisha tena kidole gumba kwenye zile ribiti mbili.

"Baba alikuja kujua?"

"Hapana."

"Alikufa akijua mimi ni mwongo."

"Ndiyo. Ningemwambia angeniamini. Angeniamini mimi peke yangu."

Ndugu yangu aliweka gari lake mezani, akalisukuma. Lilikwenda moja kwa moja mpaka likagonga thamosi, naye akalisikiliza hadi magurudumu yakasimama. La ribiti moja alinirudishia. "Hili si langu. Rudi nalo."

Mkewe akamimina chai. Hakuna aliyekunywa.

"Langu lina rangi gani sasa?" ndugu yangu akauliza.

"Bado ni la kijani. Limebanduka."

"Limebanduka wapi?"

Nililichukua gari lake mezani, nikaanza na boneti, pembe ya kulia, mahali panapotoshana na punje ya mchele. Nikaenda mlangoni, kwenye bampa, kwenye kona za turubai. Nilipotaka kuruka kitu aliuliza, "Na hapo kati?" nami nikarudi nyuma nikamweleza. Niligeuza gari taratibu mkononi, nikimpa kwa maneno kitu ambacho mwezi wa tatu angekiona mwenyewe. Hakusema amenisamehe, nami sikuomba.

"Bado tumbo," nikasema mwishoni.

"Tumbo nalijua," akajibu, akalichukua na kulitia kwenye mfuko wa koti, akafunga kifungo.