Mkeka wa Mama Aliouchukua Mtani

Hija, mjukuu wangu, umenikalia shingoni: "Bibi, andika habari ya subira yako." Mie na kalamu tuna undugu gani? Herufi zenyewe nazikokota kama kuni mbichi. Na hiyo subira unayoisifu sikuwa nayo. Nilizibwa mdomo.

Mama yangu alifia hapa hapa Temeke, vita vya Hitla vilipokwisha. Aliniachia kitu kimoja tu, mkeka wa ukindu mwekundu, aliousuka macho yakimfifia.

Hata kulia hatujamaliza, akaingia Benedikto, jirani mgeni kutoka bara. Akajifunga kanga ya marehemu, akachechemea uani kama Mama, anapiga kelele, "Nani kanifichia ugoro wangu? Mwanabaraka, mwizi we!" Watu wakacheka. Nikainuka na mwiko. Shangazi Hamisa akanivuta: "Kaa! Mnyamwezi yule, mtani wetu sie Wazaramo. Mtani msibani hanuniwi."

Nikakaa. Akaukunja mkeka wa Mama: "Huu haki yangu mie mtani!" Akaenda nao kwake. Nikang'ata pindo la kanga mpaka likatoboka.

Siku ya hitima alikuja tena kuchechemea. Akamkuta Bibi Kalunde, mfinyanzi, Mnyamwezi wa Tabora hasa. Bibi akafurahi, akamsalimu kwa Kinyamwezi. Jamaa kakodoa macho kama kala pilipili.

"We mtoto wa wapi?"

"Bukoba, bibi."

"Bukoba! Una utani gani na Wazaramo?"

"Mie sikusema kitu. Wenyewe ndio walioniita Mnyamwezi. Nikaona wanacheka, nikaendelea."

Kweli, sie wa pwani wakati ule kila aliyetoka bara tulimwita Mnyamwezi. Lakini kuitwa vibaya ndio ruhusa ya kubeba vya watu? Nikamwambia, "Rudisha mkeka wa mama yangu." Wazee, midomo imejaa pilau, wakakata shauri: kilichotoka msibani hakirudi, ni mkosi. "Meza hasira, Mwanabaraka."

Nikameza. Imenikwama kooni mpaka leo, na nyie mnaita subira!

Benedikto kahamia Tabata. Nasikia mkewe anauanikia dagaa. Dagaa, juu ya mkono wa mama yangu!

Haya, nimeandika. Sasa zamu yako. Kabla hujamsomea mtu karatasi hii, nenda Tabata. Wape shikamoo yao, kung'uta dagaa wao, uniletee mkeka wangu. Wakianza habari za utani, waambie bibi yako hacheki.