Ukuta Nyuma ya Kitanda

Kabla sijaanza kukagua nyumba za watu nilikuwa nazipaka chokaa. Niliacha shule mwaka ule mama alipomfuata baba kaburini, kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na wadogo watatu na mwenye mabega nilikuwa mimi peke yangu. Hapa Rumonge, kando ya ziwa, mtu wa chokaa hujifunza mapema kile ambacho mwenye nyumba hataki kionekane. Ndiyo maana Hajati, mama mzee mwenye nyumba nyingi katika mtaa wa Waswahili, aliniambia siku moja kwamba badala ya kumfichia nyufa zake, nianze kumwonyesha.

Tangu hapo kazi yangu ikawa eta-de-lie. Mpangaji akiingia, naandika nyumba ilivyo. Akitoka, naandika alivyoiacha, na karatasi mbili zinalinganishwa mbele ya wote. Nagonga lipu kwa vifundo vya vidole nisikie kama ndani kuna utupu. Najaribu kila ufunguo mara mbili. Namwaga beseni la maji bafuni nione yanakwenda wapi. Mwisho naweka mgongo wa mkono ukutani, chini kabisa karibu na sakafu, maana tangu ziwa lilipoanza kupanda, nyumba za upande wa chini zinakunywa maji kwa miguu, na chokaa mpya inaweza kulificha doa mwezi mmoja au miwili. Jicho litadanganywa, lakini mkono unahisi baridi ile.

Kazi hii inachosha, na si mwili tu. Kila mara kuna anayesema nimeandika mengi na mwingine anayesema nimeandika machache. Hakuna anayefurahi kuniona nikiingia na kalamu. Lakini karatasi yangu ikishasomwa, ugomvi ulikuwa unakwisha. Sina diploma. Nilichokuwa nacho ni kwamba watu waliamini nikiandika kitu, nimekiona.

Mdogo wangu anayenifuata, msichana, alipoolewa, mumewe alipanga nyumba ya Hajati kule chini. Mimi ndiye niliyesimama mahali pa baba. Wiki ile nilikuwa nakimbizana na mchele na maturubai, na eta-de-lie ya nyumba yao nikaifanya siku moja kabla ya arusi. Nikakuta shangazi za bwana arusi wameshapanga chumba cha kulala. Pazia lilikuwa mlangoni, kitanda kimetandikwa, na udi unafuka.

Nilitaka kuingia. Shangazi mmoja, aliyekuwa ameketi kwenye kizingiti akinyoosha foronya, akanitazama kuanzia viatuni mpaka kwenye kalamu.

"Baba mukwe, unatafuta nini mule? Unataka kukipima na kitanda?"

Wenzake walicheka mpaka mmoja akashika mbavu. Kwetu, aliyesimama mahali pa baba haingii mahali binti anapolala na mumewe, na mimi haya ilinipanda mpaka masikioni. Nikavuta pazia upana wa kiganja, nikaona ukuta mweupe juu ya kitanda, nikaandika: chumba cha kulala, kizuri. Kisha nikaenda kujaribu funguo.

Miaka miwili nilikwenda kwao siku za Idi na siku nyingine nyingi, nikawa naketi sebuleni. Mtoto akazaliwa. Nilikuwa namsikia nyuma ya pazia akikohoa, kifua kikilia kama filimbi. Nikanunua dawa ya maji, nikasema ni upepo wa ziwa.

Mwaka huu nyumba nyingine ya Hajati ikabaki wazi, juu ya barabara kubwa, mbali na maji. Mdogo wangu aliitaka kuliko nilivyowahi kumwona akitaka kitu, kwa sababu muuguzi alikuwa amemwambia kifua cha mtoto hakitapona pale walipo. Lakini Hajati ana sheria moja tu: nyumba ya pili anampa aliyeiacha ya kwanza vizuri.

Siku ya kutoka alikuja mwenyewe na fimbo yake. Kitanda kilikuwa kimefunguliwa na mbao zake zimewekwa uani. Ndipo nilipoingia chumba kile kwa mara ya kwanza. Pale kilipokuwa kitanda, lipu ilikuwa imevimba kutoka sakafuni mpaka usawa wa kiuno, imetoa unga mweupe kama chumvi. Sikuwa na haja ya kuweka mkono.

Hajati akatoa karatasi yangu ya zamani mkobani, akaisoma polepole. Akasema hawa wamekuwa wakimwogeshea mtoto humu ndani, na mtu anayeharibu ukuta hivi hawezi kupewa mwingine. Shemeji yangu akanigeukia mimi.

Nikatoka uani. Mdogo wangu alikuwa amekaa juu ya mbao za kitanda, mtoto mgongoni. Nikamuuliza ukuta ule ulianza lini.

"Tulivyoingia ulikuwa vile vile, yaya. Wiki ya kwanza tu shuka ikalowa."

Yaya ndivyo wanavyoniita wote watatu, mimi mkubwa wao. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akashangaa.

"Si uliandika chumba iko muzuri? Nikajua umeuona. Nikasema basi, uwezo wetu ndio huu."

Nilikumbuka nyumba tuliyobaki nayo baada ya mama. Mvua ilipopita paani, mimi nilisogeza mkeka nikasema hapa pakavu, na wote watatu walijilaza hapo bila kugusa kwanza.

Niliporudi ndani Hajati alikuwa bado amesimama mbele ya ukuta. Ningeweza kusema ziwa limepanda tangu arusi, na isingekuwa mbali sana na kweli. Nikamwambia, "Siku ile sikuingia humu, mama. Niliona haya. Niliandika nikiwa mlangoni."

Akaniuliza ni nyumba zake ngapi nyingine nimeziandika kutoka mlangoni. Nikasema hakuna.

"Na hilo sasa nitalijuaje, mwanangu?"

Akanipa ile karatasi ya zamani, akanitaka nilikate kwa mstari neno "kizuri", niandike juu yake "sikuingia", na niweke sahihi. Nikafanya hivyo juu ya goti langu. Ufunguo wa nyumba ya juu akampa shemeji palepale. Mimi akaniambia, bila ukali, kwamba kuanzia sasa atamtuma fundi mwashi kukagua, na mimi nirudi kwenye chokaa kwanza mpaka moyo wake utulie. Haikufika Ijumaa, wenye nyumba wengine wawili niliokuwa nawakagulia wakasema hivyo hivyo.

Siku ya kuhamia juu, fundi alikuwa ameshakagua, ameandika na amekwenda. Nilifika jioni, miguu mizito, nimetoka kupaka ukuta wa mtu. Masufuria yalikuwa ndani, mabeseni ndani, magodoro ndani. Mbao za kitanda tu zilikuwa bado uani, zimeegemezwa ukutani. Nikamuuliza shemeji anangoja nini.

"Mwanamuke amekataa. Anasema kwanza wewe."

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kulala, na pazia halijatundikwa. Nikamweleza kwamba fundi ameshaangalia, kwamba ni mtu anayejua kazi, kwamba karatasi ya nyumba hii si yangu tena.

"Yeye simujui," akasema. "Ingia, yaya. Weka mukono."

Nikaingia. Nikapiga magoti, yanauma siku hizi, nikaweka mgongo wa mkono chini ya ukuta, pale kichwa cha mtoto kitakapolala. Nikangoja. Ulikuwa mkavu. Sikumwambia bado. Nikasogea kwenye kona ya pili.