Lori limechukua mikeka ya buni

Jamani, leo tumelipigia lori vigelegele, na sasa tumeshika tama kama tuliofiwa.

Ni lile la kuchukua buni, kahawa ya kijiji hapa Mugoma. Msimu uliopita watu wa kiwandani walikuja, wakainusa, wakasema inanuka udongo kwa kuwa tuliianika chini. Tukakaa nao tukakubaliana: sisi tusuke mikeka ya kuanikia, wao walete lori mapema. Nimesuka mpaka vidole vikavimba. Mkeka mmoja mbuzi wangu akautafuna, mlaaniwa yule, lakini tuyaache hayo.

Leo lori limefika, dereva akashuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Buni imekauka vizuri, njoo uinuse."

Akatazama chini.

"Sikufuata buni, bibi. Nimetumwa mikeka na jeshi. Askari kule vitani wanalala kwenye matope."

Ningekataaje? Mwanangu yuko huko, na tangu aende hajaleta neno. Nikaimwaga buni kwa mikono yangu, nikamkunjia mikeka yote.

Sasa buni iko chini, na udongo bado una maji ya mvua ya jana.

Wa kiwandani watarudi kunusa.

Ninyi mngewajibu nini?