Kopo la Nyuma ya Chumvi

Nilimaliza kidato cha nne nikarudi nyumbani Matinyani kupumzika kidogo kabla ya kutafuta kazi. Mama alipofariki nilikuwa nimepumzika miaka kumi na mmoja. Wenzangu walikwenda kusomea ualimu, wengine wakaenda Nairobi kupiga chapa maofisini. Mimi nilijua kila mahali kuku wa kwetu wanapotagia, na sikuona sababu ya kuacha elimu kama hiyo ipotee. Mtu akiniuliza, "Siku hizi unafanya nini?" nilimjibu, "Niko." Na kwa kweli nilikuwa.

Kwetu Ukambani binti wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba yake. Basi mimi nina jina la nyanya, na baba hakuwahi kuniita jina hilo hata siku moja, maana mtu mwenye adabu hamtaji mama yake kwa jina kana kwamba anaita mbuzi. Aliniita Mwaitu, yaani mama. Shangazi, dada yake wa pekee, aliyekuwa na nyumba ng'ambo ya shamba letu, naye aliniita Mwaitu. Nimekuwa mama wa watu wazima wawili tangu siku niliyozaliwa, na hiyo ndiyo kazi pekee niliyowahi kupata bila kuandika barua ya maombi.

Tulimzika mama mwezi wa pili, jua likiwa kali hata maua ya karatasi yakapauka kabla maombi hayajaisha. Sikulia. Mchungaji alinisifu mbele ya watu, akasema tazameni imani. Haikuwa imani. Nilikuwa sisikii kitu. Chai ilikuwa maji ya moto tu, chumvi ilikuwa mchanga. Hata moshi wa jikoni sikuusikia harufu mpaka macho yawashe. Niliamka, nikafagia, nikakama ng'ombe, nikalala, na kama ng'ombe angenikama mimi sidhani ningegundua.

Shida ilikuwa baba. Tangu turudi kutoka kaburini alikuwa hali chakula. Nilimpelekea muthokoi, ule wa mahindi yaliyotwangwa na kupikwa na maharagwe, chakula alichokila maisha yake yote, akaufunika na kifuniko na kuusukuma kando kwa upole, kama anayerudisha kitabu cha watu. Alikunywa chai ya rangi. Akikubali uji, ni nusu kikombe. Wiki ya tatu nilimwona ameketi kwenye kiti chake na msumari mkononi, anatoboa tundu jingine kwenye mshipi. Mganga wa zahanati alimpima, akanivuta kando akaniambia, "Mzee hana ugonjwa wa dawa. Asipokula utampoteza. Mlishe."

Shangazi alikuwa mlangoni anasikiliza, maana shangazi husikiliza hata visivyosemwa. "Umesikia, Mwaitu? Mtoto wako anakufa njaa na wewe umeketi hapo. Mama wa aina gani wewe?"

"Si na wewe ni mtoto wangu? Nenda ukamsaidie mdogo wako."

"Mimi nakula. Uliza sufuria yako."

Alikuwa anatania, lakini alikuwa ameshika kitambaa chake cha kichwa mkononi, na shangazi alikuwa hakivui hovyo.

Siku iliyofuata, saa sita mchana, baba alifunika sahani kama kawaida, halafu akauambia ukuta, si mimi, "Ile nyeusi yake. Sijui alikuwa anaifanya nini ikakaa vile."

Lilikuwa neno la kwanza kuhusu chakula katika siku ishirini na mbili.

Ile nyeusi ilikuwa keki ya mama ya Krismasi. Si keki hasa. Ni ganda la unga wa ngano na siagi, kama sahani ya kuliwa, ambalo ndani hujazwa chokoleti nzito ya maziwa na mayai, ukila kipande kimoja unahitaji kuketi. Mama alipokuwa msichana alifanya kazi katika jiko la mwalimu mmoja mzungu wa misheni, akatoka huko na vitu vitatu: kushona, nyimbo za sauti nne, na ile nyeusi. Baadaye akawa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu, mkali kuliko mchungaji. Alipinga pombe, densi, sketi za juu ya goti, na zaidi ya vyote tumbaku. Lakini Krismasi ikifika alitoa ile nyeusi, na hata waliosimamishwa ushirika na yeye walikuja.

Nami nilikuwa nimemtazama akiipika miaka kumi na mmoja. Kutazama ndiko nilikosomea.

Asubuhi ya Jumamosi nilipanda gari kwenda Kitui mjini, nikanunua siagi na vipande viwili vya chokoleti, nikavifunga ndani ya kanga yenye maji. Safari si ndefu lakini nilipofika nyumbani chokoleti ilikuwa imekuwa uji tayari. Nikajisemea vizuri, imeniokolea kazi.

Siagi ndiyo haitaniwi. Kwa jua lile, ukiikanda na unga inageuka mafuta na ganda linakuwa mfupa. Mama alikuwa na njia yake: sufuria ya unga aliizika nusu kwenye mchanga mbichi chini ya mtungi wa maji, pale panapodondoka maji siku nzima, na mikono aliitumbukiza mtungini kila mara kabla ya kushika. Nilifanya hivyo hivyo. Mikono ilipopoa niliitazama ikifanya kazi. Ilionekana kuijua.

Nilitandaza unga kwenye sahani ya bati, nikaweka karatasi juu yake, nikamwaga ndengu kavu vikombe viwili. Ndipo shangazi akaingia.

"Mwaitu. Unapika ndengu bila maji?"

"Ni uzito, shangazi. Unga usifure ukiiva."

"Kwani unga wako ni mbuzi, utatoroka?"

"Mama alikuwa anafanya hivi."

Akavuta kigoda. "Basi choma. Lakini ndengu nzima hizo, na watu wa Kyuso kwenye njaa wangezililia."

Jiko letu la kuokea lilikuwa sufuria kubwa ya harusi, mchanga wa mto chini, mawe matatu juu ya mchanga, sahani juu ya mawe, na bati la kufunika lililojazwa makaa. Hapo hakuna kipimo. Mama alinyoosha mkono juu ya bati akaimba ubeti mmoja wa wimbo. Akiweza kuumaliza, moto haujatosha. Mimi nilinyoosha mkono nikaimba beti tatu. Shangazi akaruka akanivuta.

"Unajichoma! Husikii?"

Niliangalia kiganja. Kilikuwa chekundu. "Sikusikia," nikasema.

Hakutania. Alinipaka unga mkononi, akachukua koleo akapunguza makaa mwenyewe.

Ganda lilitoka na rangi ya biskuti, ukingo mmoja umeungua kidogo. Nikachemsha maziwa na malai niliyoyaengua kwa siku mbili, nikatia sukari, ile chokoleti iliyojiyeyusha njiani, na kakao yote iliyobaki kwenye kopo la kabatini. Nikaepua, nikapiga viini vya mayai sita ndani, nikamimina kwenye ganda, nikarudisha kwenye mchanga kwa moto mdogo. Niliionja kijiko kizima. Ingekuwa udongo ningesema sawa.

"Ikoje?" shangazi akauliza.

"Ipo."

Ilipoiva ilitetemeka katikati kama inavyotakiwa, na ilipopoa ikatulia, nyeusi na laini. Ilibaki jambo moja tu. Mama alikuwa hawezi kuipeleka mezani bila kuinyunyizia kakao juu kwa kichungi cha chai, ikawa kama kitambaa cha mahameli. Na kakao nilikuwa nimeimaliza. Nikapekua kabati. Nyuma ya chumvi, nyuma kabisa, palipo na buibui, nikapata kopo la pili. Picha ile ile, kifuniko kile kile, na ndani limejaa hadi nusu. Nikamshukuru mama kwa kuweka akiba. Nikachota vijiko viwili nikachunga juu ya ile nyeusi. Ilikaa vizuri kuliko nilivyotarajia, laini mno, ya kahawia.

Tulimkuta baba barazani kwenye kiti chake. Saa kumi za alasiri, kivuli cha nyumba kimefika kwenye miguu yake. Niliweka kimeza mbele yake, nikakata vipande vitatu. Aliiangalia sahani muda mrefu, na sikuweza kujua kama ataifunika.

Shangazi hakungoja mtu. Aliinua kipande chake, akakisogeza mdomoni, na kabla hajauma akapiga chafya. Akapiga ya pili. Ya tatu ikampeleka nje ya baraza, kuku wakatawanyika.

"Umetia pilipili!" akapiga kelele kutoka uani. "Mwaitu, umetia pilipili kwenye keki!"

"Sijatia."

Baba alikuwa ameinua kipande chake. Hakupiga chafya. Alikishikilia chini ya pua, akafumba macho, akavuta pumzi. Halafu akakishusha polepole.

"Umeitoa wapi hii ya juu?"

"Kabatini. Nyuma ya chumvi."

"Nilimwambia alihamishe lile kopo," baba akasema. "Nikamwambia siku moja mtoto atapikia chai."

Nilileta kopo. Shangazi alirudi akiwa anapangusa macho, akaliona, akatia vidole viwili ndani, akanusa kwa ufundi. Nikamwona uso ukibadilika.

"Huu ni ugoro."

Akanusa tena.

"Huu ni ugoro wa Kyuso, tena wa magadi. Wa nani?" Akamtazama baba, mzee wa kanisa aliyevaa tai mpaka kwenye shughuli za mbuzi. "Wako?"

"Wangu unautoa wapi?" baba akasema. "Mimi nilikuwa nanunua tu. Kwa yule bibi kizee wa sokoni. Naubeba kwenye mfuko wa miwani."

"Wake?"

"Tangu mtoto wa kwanza alipozaliwa. Alikuwa anaumwa kichwa, bibi mmoja akampa kidogo. Basi."

Shangazi aliketi sakafuni. Lazima nieleze kwamba miaka mitano nyuma shangazi alikamatwa na kijikopo cha ugoro kwenye mkutano wa akina mama, na mwenyekiti, yaani mama yangu, alisimama akamsomea andiko na kumsimamisha.

"Miezi sita!" shangazi akasema. "Alinisimamisha miezi sita! Nikakaa benchi la nyuma kama mwizi wa kuku! Mjukuu wangu akabatizwa mimi niko karibu na mlango!"

"Najua," baba akasema. "Siku hiyo alirudi nyumbani akanusa mara mbili. Kwa huzuni."

Shangazi alifungua kinywa kujibu. Kilichotoka kikawa kicheko, na kilipoanza hakikuwa na breki. Alijishika kifua, akapiga sakafu kwa kiganja. Baba hakucheka, lakini mabega yake yalitikisika mara moja. Mimi nilisimama pale na kichungi cha chai mkononi. Nilijua kwamba napaswa kushtuka, au kuona aibu kwa niaba ya marehemu, au kucheka. Nilipitia moja moja. Hakuna lililokuwepo.

"Mtanilaumu," nikasema. "Nitaipeleka kwa kuku."

"Weka hapo," baba akasema.

Alichukua kisu. Akakwangua juu ya kipande chake taratibu, kwa uangalifu wa mtu anayenyoa mgonjwa, na ugoro wote akaukusanya kwenye kisahani. Shangazi akakivuta kile kisahani upande wake bila kuomba ruhusa. Halafu baba akakata kona ya kipande, akaitia mdomoni, akatafuna. Niliangalia koo lake mpaka likashuka.

"Ganda ni gumu," akasema.

"Ndiyo, baba."

"La kwake lilikuwa linavunjika."

"Siagi ilipata joto."

Akala tena. Alikula hadi ukingo ulioungua, akaokota makombo kwa kidole kilicholoweshwa, kama tulivyokatazwa na mama mezani. Akasukuma sahani kwangu. Nilidhani anaifunika.

"Nikatie kingine, Mwaitu. Na hicho ukikwangue vizuri, mimi si mwenyekiti."

Nilimkatia. Alikula cha pili polepole zaidi, akiwa anatazama mahali penye kaburi, pale nyuma ya mibuni michache iliyokuwa fahari yake. Alipomaliza alilegeza mshipi hadi tundu la zamani, akauliza, "Kesho tunakula nini?"

"Muthokoi."

"Usiunguze."

Nilikusanya vyombo. Nilipolichukua kopo nikauliza nilipeleke wapi, nikidhani atasema chooni, au ampe dada yake, ambaye tayari alikuwa ameunyoosha mkono.

"Pale pale," baba akasema. "Nyuma ya chumvi."

Nikalirudisha, nikaweka chumvi mbele, nikaanza kuosha. Kichungi cha chai kilikuwa na ugoro kwenye kila tundu. Nilikigonga ukingoni mwa beseni na vumbi likapanda. Nikapiga chafya. Nikapiga nyingine, na nyingine, mpaka nikashika meza, na machozi yakashuka hadi kidevuni, yakaingia kwenye maji ya vyombo.

Shangazi akasimama dirishani. "Mwaitu, unalia?"

"Ni ugoro, mwanangu."

"Haya," akasema, akabaki hapo hapo.

Ulikuwa ugoro kweli. Nilikuwa nimeanza kuusikia harufu.