Miguu ya Mnyama wa Mbawa

Juzi mjukuu wangu alinisogezea simu yake mpaka puani, hapa kibarazani kwangu Arua. "Habuba, tazama huyu." Habuba ndiyo bibi, kwetu sisi Wanubi. Nikatazama: mnyama wa kale mwenye mbawa. Nikamjua mara moja, halafu nikampoteza. Mbawa za ngozi ni zile zile, mdomo mrefu kama mchi ni ule ule. Lakini huyu amesimama chini, mrefu kama twiga, amekunja mbawa anazikanyagia kama mikono, na mwili umeota manyoya kama kifaranga. Wangu wa utotoni hakuwa na unywele hata mmoja. Nikasema huyu wamemkosea. Mtoto akacheka: "Wachoraji wa zamani ndio waliomkosea, Habuba."

Sasa, rafiki yangu, nisikilize, maana kichwa changu hakijatulia mpaka leo.

Miaka ya sabini tulikaa Koboko, karibu na mpaka wa Sudani. Shule niliionja tu, lakini niliionja siku nzuri. Mwalimu alitundika ubaoni ukurasa aliokata kwenye gazeti la ng'ambo: mnyama anaruka juu ya majabali, meno nje, ngozi tupu. Akasema si ndege wala popo, mifupa yake imechimbwa Amerika, na mbawa zake zingefunika darasa letu lote. Nikarudi nyumbani naangalia juu, nikajikwaa kwenye mihogo ya jirani iliyoanikwa njiani. Jirani akanitukana vizuri.

Nyumbani tulikuwa tunasuka tabaga, ule ufuniko wa chakula wa duara, wa rangi. Shangazi yangu alikuwa anaolewa. Kwetu, chakula cha arusi kinapelekwa kwa bwana arusi vichwani mwa wanawake, kila sinia na tabaga yake, na wanawake wa kule wanatazama tabaga kabla ya kuonja mchuzi. Nzuri inatundikwa ukutani kwa bibi arusi. Mbaya inalazwa kifudifudi karibu na jiko, na msichana aliyeisuka anaambiwa arudi kujifunza. Ile ya arusi ya shangazi ilikuwa tabaga yangu ya kwanza. Wenzangu walisuka nyota. Mimi nikasema nitasuka mnyama.

Habuba wangu akauliza jambo moja tu. "Iko na miguu wapi?"

Sikujua. Kwenye picha alikuwa anaruka, miguu imepotelea kwenye mbawa.

"Tabaga inaanza katikati, inazunguka kwenda nje. Ukianza tumbo bila kujua miguu, utarudi na njia gani? Kwenda uliza mwalimu yako."

Nikaenda. Mwalimu akajikuna shingo. Labda alining'inia kama popo, labda alilalia tumbo. Na rangi? Rangi hakuna anayejua, mchoraji alitia aliyoipenda. Nikauliza mchoraji alimwona wapi. Akasema hakuna mtu aliyewahi kumwona.

Nilipomweleza Habuba, alichomeka sindano kwenye nywele zake akacheka mpaka akakohoa. "Mutu hajaona, lakini anajua meno iko ngapi?" Halafu akanisogezea ukindu. "Suka. Lakini usinitie haya."

Nikasuka. Vidole vilichubuka, na rangi ya ukindu ikaingia kwenye kucha, ikakaa.

Siku ya arusi nilibeba sinia la maharage ya simsim, yaani ya ufuta, na gurusa, ule mkate wetu mwembamba. Nyumba nzima ilinukia siagi na udi. Wanawake wa kule wakaishika tabaga yangu, wakaizungusha. Duara haina juu wala chini.

"Hii ndege ya jeshi."

"Jeshi gani iko na mdomo? Hii popo."

"Acheni bibi yenu aseme. Hii korongo ya machinjioni, yule wa upara, anangoja matumbo ya ng'ombe."

Walicheka. Habuba akanishika bega, akanibana mpaka nikaumia. Ndipo mama wa bwana arusi akatoka jikoni, akaichukua, akaitazama muda mrefu.

"Nani kati yenu anajua hii kitu?"

Akawapitishia mmoja mmoja, ikamrudia.

"Basi hakuna wa kusema imekosewa." Akaitundika mwenyewe, ukuta wa mbele, palipopaswa kukaa nyota. Habuba alirudi nyumbani kwa njia ya sokoni, ambayo ni ndefu, kifua mbele, anasalimia hata asiowapenda.

Mwaka wa sabini na tisa vita vilifika. Tukavuka mpaka kwenda Sudani na masufuria vichwani, tabaga zikabaki ukutani. Tuliporudi baada ya miaka, hata ukuta haukuwepo. Habuba tulimzika kule kule Sudani. Shangazi vilevile. Siku hizi chakula cha arusi kinafunikwa na plastiki, na hakuna anayeuliza nani ameitengeneza.

"Nichoree tabaga yako," mjukuu akasema, akaniletea karatasi na rangi za shule. Mimi ninayejisifu kwa kila mtu kwamba nakumbuka. Nikachora duara, mbawa, mdomo. Nikaweka miguu miwili, nikaifuta. Nikaweka minne. Je, niliiweka kweli, au niliificha kama yule mchoraji?

"Ilikuwa rangi gani, Habuba?"

Nikageuka kutafuta mtu wa kumuuliza. Kibarazani tulikuwa wawili tu.

"Njano," nikasema. Akaipaka njano.