Msimu Niliochaguliwa wa Kwanza

Mpira wa kikapu uliopungua upepo haudundi vizuri kwenye saruji yenye baridi, hukohoa. Ndiyo sauti ninayoisikia kila nikiikumbuka likizo ile ya Juni, mwaka niliotimiza miaka kumi na mitatu, pale uwanjani kwetu Soweto, Mbeya, ambako ukungu haukuondoka mpaka saa nne na sisi wasichana tulifanya mazoezi tukiwa na masweta ya shule. Pembeni ya uwanja palikuwa na kibanda cha kinyozi, Mzee Lusajo, chenye benchi refu nje na televisheni ndani. Harufu ya spiriti ya kupaka vichwa ilitufikia hadi chini ya goli. Kwenye benchi hilo walikaa wanaume ambao hawangeweza kuudunda mpira mara tatu bila kuupoteza, lakini walizijua timu zote za Marekani: nani alichaguliwa wa ngapi, nani alibadilishwa na nani, na nani hakupaswa kuachwa. Walibishana juu ya mambo yaliyokwisha kabla sisi hatujazaliwa, na walibishana kwa hasira kabisa.

Televisheni hiyo ndiyo iliyotuponza. Zamani mtoto wa Soweto alichezea Soweto na wa Ilomba akachezea Ilomba, basi. Mwaka ule benchi likaamua kwamba nasi tuchaguliwe kama wanavyofanya Marekani. Wasichana wote wa mitaa miwili tukapangwa mstari mmoja, makocha wawili wachague kwa zamu, aliyeshindwa mwaka uliopita aanze. Soweto ndio tulioshindwa, kwa hiyo akaanza Kocha Ambokile. Alipita mbele yetu taratibu akitazama chini. Hakutazama mikono ya mtu wala hakumrushia yeyote mpira. Alitazama miguu. Aliponifikia mimi, niliyekuwa mrefu kuliko wote na niliyevaa viatu vikubwa vya kaka yangu, akasimama. "Mtoto mwenye miguu hii bado anarefuka," alisema. "Namchukua Subi." Benchi likapiga makofi. Rafiki yangu Zawadi, mfupi hata kwa umri wetu, alibaki mpaka karibu na mwisho, akachukuliwa na kocha wa Ilomba, Mwalimu Neema. Mchagua nazi hupata koroma, ingawa huku kwetu kwenye viazi sijui ni nani aliyewahi kuchagua nazi.

Koroma lenyewe ndilo mimi. Tangu siku ile sikuongezeka hata inchi moja. Lakini hilo halikuniuma wakati ule, maana sikuwa nalijua. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa najua kuchezesha timu. Mpira ulinitii. Nilikuwa nimejifunza kuudunda njiani nikitumwa dukani, kulia na kushoto, bila kuutazama, na nilimwona mwenzangu aliye wazi kabla yeye mwenyewe hajajua kuwa yuko wazi. Kocha Ambokile akaniweka chini ya goli na mikono juu. Siku moja nilijikaza nikamwambia, "Kocha, naomba nijaribu kuchezesha." Akacheka, si kwa ubaya. "Mrefu hadundi mpira, binti. Mrefu anasubiri." Basi nikasubiri. Mechi baada ya mechi nilisimama kama nguzo ya umeme, nikiwatazama wenzangu wakipoteza mipira ambayo mimi nisingeipoteza.

Na kulikuwa na jambo la kulilia. Timu itakayoshinda ingekwenda Iringa kucheza na shule za huko, siku tatu. Mimi sikuwahi kuivuka Chimala, ambako mama alinipeleka mara moja kununua mchele. Niliitaka safari ile kiasi kwamba nilikuwa nimeshaosha begi na kulianika.

Katikati ya msimu, Jumamosi moja, Mwalimu Neema alikuja kibandani. Nilikuwa nyuma ya ukuta nafunga kamba za viatu, nikasikia kila kitu. Alisalimia, akasema bila kuzunguka, "Kocha, tubadilishane. Nipe Subi, mimi nikupe Zawadi. Sina mtu wa kuchezesha, na yule mtoto anauona uwanja." Benchi zima likacheka. Kocha Ambokile akamjibu, "Mwalimu, nikupe mrefu unipe mfupi? Wewe unatuonaje?" Mwalimu akasema haya, asanteni, akaondoka. Nilikuwa nimefumba macho nikiomba kocha akubali.

Tulifungwa fainali kwa pointi mbili. Ilomba wakaondoka asubuhi yenye manyunyu wakiimba nyuma ya lori, Zawadi akinipungia, nami nikampungia, kwa sababu yeye hakunikosea. Miaka miwili iliyofuata akarefuka, akapata shule Iringa, na kila tuliposikia habari za mashindano ya huko tulisikia jina lake. Hapo ndipo benchi lilipoanza mjadala ambao mpaka leo haujaisha.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini wale wazee huyazoa kila siku. Mmoja husema tungemchagua Zawadi kwanza tungetwaa kombe miaka mitano. Mwingine hupinga kwamba angeharibikia mikononi mwetu. Mzee Lusajo huzima mashine, mteja akiwa kanyolewa nusu kichwa, na kudai kwamba kosa halikuwa kuchagua bali kukataa kubadilishana. Mwezi uliopita nilipita hapo nikitoka kazini. Uwanja sasa una mistari iliyopakwa rangi, watoto wana viatu vyao wenyewe, na mpira una upepo. Benchi ni lilelile. Niliwaamkia, wakaitikia, wakaendelea kubishana mbele yangu kana kwamba Subi wanayemsema alishakufa.

"Ilomba walikuwa wanatupa Zawadi bure," Mzee Lusajo alisema. "Bure kabisa, sisi tukakataa."

Miaka ishirini nimelisikia neno hilo nikalimeza. Siku hiyo lilinikwama. "Si bure, mzee," nikasema. "Walinitaka mimi. Hamjawahi kujiuliza walinitakia nini?"

Watu hawa wanakumbuka matokeo ya kila robo ya fainali ile, nani alikuwa na mafua, ukungu uliondoka saa ngapi. Kocha Ambokile, ambaye sasa macho yake yamefifia, alinigeukia, na nikaona analitafuta jibu kwa nia njema. "Hilo hatujawahi kulijadili," alisema. Kisha akaongeza, kwa upole, "Labda naye mwalimu alikosea, mwanangu."

Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu ningeinamisha kichwa nikaenda kusimama chini ya goli. "Hakukosea, kocha," nikamwambia. Nilisema kwa adabu, kwa sababu bado namwamkia shikamoo, lakini nilisema nikiwa nimesimama mbele ya benchi zima, na sikuondoka mpaka walipolisikia neno hilo.